Tepe Mbili Mkononi: Kisa cha Kikosi cha Kadeti katika Shule Moja ya Nakuru

Kikosi cha kadeti cha shule yetu kiliishi mihula mitano. Kilianza Januari 2017 kikiwa na wavulana 38, kikavunjwa Julai 2018 kikiwa na 61, kwa barua ya mistari minne iliyobandikwa ubaoni kati ya ratiba ya mitihani na orodha ya waliokuwa hawajarudisha vitabu vya maktaba. Mlezi wake nilikuwa mimi. Nafundisha historia upande wa mashariki wa Nakuru. Shule siitaji, maana wengi waliohusika walikuwa watoto, na sasa ni watu wazima wenye shughuli zao. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu kila nikikaa na walimu wa shule nyingine, hasa baada ya mgomo au moto mahali fulani, hakosi mtu wa kusema: "Hawa watoto wangeonjeshwa jeshi kidogo, wangenyooka."

Hata sisi tulianzia hapo hapo.

Muhula wa pili wa 2016, shule zaidi ya 100 nchini zilichomwa na wanafunzi wake wenyewe. Yetu ilipata mgao wake: magodoro yaliwashwa katika bweni moja wakati wa prepu, watu wote wakiwa madarasani. Hakuna aliyeumia. Lakini wazazi waliofika kesho yake hawakuwa wakiyatazama magodoro. Walikuwa wakiikumbuka Kyanguli, kule Machakos, Machi 2001, wavulana 67 wasiotoka bwenini. Kwenye mkutano mzazi mmoja mwenye duka la vipuri mjini akasimama na kusema kwamba sisi tunaishi mlangoni pa jeshi, asubuhi tunawasikia askari wakikimbia na kuimba upande wa Lanet, basi mbona tusimtafute afande mmoja mstaafu aje atushikie hawa vijana? Makofi yalipigwa mpaka mwalimu mkuu akaonekana kupumua kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Anayeishi mbali na Nakuru huenda asielewe kwa nini wazo hilo lilipita upesi hivyo. Hapa jeshi ni jirani. Chuo cha mafunzo ya maafisa wa jeshi kiko Lanet, na rais hufika pale kuwapa makadeti vyeo vyao huku barabara ya Nairobi ikijaa polisi. Gilgil, mwendo mfupi tu kwa matatu, kuna chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoundwa 1964. Walimu wa rika langu wanakumbuka jinsi miaka ya 1980 waliopata nafasi ya chuo kikuu walivyopelekwa kwanza kupiga gwaride na kushika majembe kabla ya kuiona maktaba. Na Lanet hiyo hiyo ina shule ya sekondari yenye uhusiano na jeshi, Moi Forces Academy. Kwa hiyo mzazi wa mitaa yetu kama Pipeline au Free Area akisikia "kadeti", anaona viatu vinavyong'aa, mshahara wa serikali na mtoto wa jirani aliyerudi likizo akiongea kidogo na kula sana.

Neno lenyewe lilitupoteza tangu mwanzo. Kadeti wa Lanet ni mtu mzima. Ana kitambulisho, amemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, ameomba nafasi kwa hiari na kupimwa meno, macho na magoti mbele ya umati uwanjani. Kadeti wa shule ni mtoto aliyeambiwa na mwalimu avae kofia. Wawili hao wanatumia jina moja tu, basi.

Nilijaribu kulisema hilo. Nilipewa kazi ya kuandikia bodi ya usimamizi maelezo mafupi kuhusu historia ya kadeti shuleni, nikaandika kurasa sita. Nina hakika hazikusomwa. Nitayarudia hapa yale ya maana, kwa kuwa nilipoyasoma upya baada ya mambo kuharibika niliona jibu letu lilikuwa limelala humo.

Kadeti wa shule za sekondari walizaliwa kwa hofu ya wakubwa. Uingereza, mwaka 1859 na 1860, watu walikuwa na wasiwasi kwamba Ufaransa ingewavamia, wakaunda vikosi vya kujitolea, na shule zikafuata. Rossall, kaskazini mwa nchi hiyo, ilikuwa ya kwanza, Februari 1860. Vita vya Makaburu, kule Afrika Kusini, vilipowaonyesha Waingereza kwamba hawana maafisa wa kutosha, waziri wa vita, Haldane, akaziingiza shule katika mpango rasmi mwaka 1908, ili mvulana atoke darasani akiwa nusu afisa. Marekani ilitunga sheria ya kadeti wa shule mwaka 1916, vita vikiwa vinarindima Ulaya nayo haijaingia. Hakuna aliyeanzisha vikosi hivyo ili watoto waache kuchelewa madarasani. Nidhamu ilikuja baadaye, kama sababu ya kuviacha viendelee hofu ya kwanza ilipopoa.

Kwetu mambo yalikuwa wazi zaidi. Prince of Wales School iliyofunguliwa Kabete 1931, na Duke of York iliyofuata 1949, zilikuwa shule za wavulana wa Kizungu, na zote zilikuwa na vikosi vya kadeti. Dharura ya kupambana na Mau Mau ilipotangazwa Oktoba 1952, mvulana wa aina hiyo akimaliza shule alijua njia yake: Kenya Regiment, jeshi la walowezi lililoundwa 1937, ambalo katika miaka hiyo ya 1950 lilifundisha vijana wake papa hapa Lanet. Adui aliyekuwa akifundishwa kumwinda tunamjua. Leo shule hizo ni Nairobi School na Lenana, na wajukuu wa huyo adui wanasoma humo. Niliandika sentensi hiyo kwa bodi, nikaifuta, nikaiandika tena.

Wavulana wa Kiafrika hawakupewa kadeti. Walipewa paredi. Carey Francis, aliyekuwa afisa wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliiongoza shule ya Maseno kuanzia 1928 hadi 1940, kisha akahamia Alliance hadi 1962, na chini yake siku ilianza kwa mistari iliyonyooka na ukaguzi wa kucha na vitanda. Waliopita mikononi mwake wakawa walimu wakuu, na walimu wakuu hao wakatulea sisi. Ukisimama leo kwenye paredi ya Jumatatu katika shule yoyote ya Kakamega au Kisumu, bendera ikipanda na prifekti akipita nyuma ya mistari kutafuta soksi zisizo za sare, unaona mabaki ya kambi. Ila ilikuwa kambi isiyo na cheo cha kijeshi wala bunduki. Prifekti alibaki prifekti.

Tulimpata afande wetu kupitia kanisa. Alikuwa sajini mwandamizi mstaafu, mtu wa Bungoma aliyejenga nyumba ndogo Lanet, mfupi, mwenye goti bovu na sauti ya chini. Wavulana walitarajia mtu wa kubweka, wakapewa mzee aliyewaambia "mwanangu". Mazoezi yalikuwa Jumanne baada ya masomo na Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa moja na nusu kila mara. Mguu sawa, mguu pande, kulia geuka. Huduma ya kwanza. Kusoma ramani kwa kutumia kingo za kreta ya Menengai. Kufunga kitanda. Alilipwa nauli na chakula cha mchana, na nakiri kwamba hilo lilikuwa kosa letu la kwanza ingawa hatukuliona: tulimtaka mtu wa kubeba nidhamu ya shule nzima, tukamlipa kama mgeni wa siku ya wazazi.

Kila alipompokea kadeti mpya alikuwa na kijitabu chenye jalada la bluu. Aliandika jina, mahali kijana anapotoka, ugonjwa wa zamani, nani anamlipia karo. Nilimuuliza hayo ni ya nini. Akanijibu, "Mwalimu, huwezi kumwamrisha mtu usiyejua anaumwa wapi."

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, na sitaki kuuchafua kwa sababu ya ulivyofuata. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyekuwa na kigugumizi. Akapewa kazi ya kutoa amri, na amri ndizo maneno ya kwanza niliyomsikia akiyatamka bila kukwama. Wavulana watatu ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha ya washukiwa wa moto walijiunga, na mmoja alikuwa hodari wa ramani kuliko mimi. Kuchelewa kulipungua, ingawa kengele mpya pia ilikuwa imewekwa, na sijui ni kipi kilichofanya kazi.

Ugomvi mkubwa wa mwaka huo ulihusu nguo. Chama cha wazazi kilikuwa kimepata fundi wa kushona suruali za madoadoa ya kijeshi kwa bei nzuri, na kitambaa kilishaletwa hadi ofisini. Afande alikiona akakataa kukaa. Alieleza, kwa upole wa mtu anayeeleza jambo la hatari, kwamba raia havai sare za jeshi, kwamba watu hukamatwa kwa suruali kama ile, na kwamba mtoto akikutwa nayo barabarani usiku na askari asiyemjua hatapewa muda wa kusema yeye ni wa kidato cha tatu. Kitambaa kikarudishwa. Tukabaki na sare ya shule, kofia nyeusi za bereti, na tepe za kitambaa cheupe za kushonewa mkononi: moja, mbili, tatu.

Tepe hizo ndizo kisa chenyewe.

Jeshini tepe haisimami peke yake. Koplo ana mtu juu yake na mwingine juu ya huyo, ana sheria inayomruhusu kuamrisha, na sheria hiyo hiyo inamfunga akimpiga aliye chini yake. Hata askari wa mwisho ana pa kulalamika, na anayeamrishwa ni mtu mzima anayelipwa. Pamoja na uzio wote huo, mambo bado huharibika; Lanet inakumbuka Januari 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walipoasi walipongoja hotuba ya Kenyatta na habari za mishahara na wasizipate. Sisi tulichukua tepe, uzio tukauacha kambini. Mwanzoni mwa 2018 tulimpa kijana wa miaka 17 tepe mbili na kumwita koplo. Orodha ya vyeo iliandikwa na afande, ikatiwa sahihi na mlezi. Sahihi ni yangu, na sikuuliza swali hata moja.

Mwezi wa Mei goti la afande likazidi. Akaenda kwao Bungoma kutibiwa na kupumzika. Aliniachia kijitabu chake cha bluu na filimbi, akaniomba nisimamishe mazoezi mpaka arudi. Mwalimu mkuu hakukubali. Siku ya wazazi ilikuwa karibu na gwaride lilikuwa limeshachapishwa kwenye ratiba. "Makoplo wataendesha," alisema, "ndiyo maana ya uongozi." Mimi nilikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha. Nilifika Jumanne mbili, nikasimama kivulini dakika kumi, mistari ikawa imenyooka, nikaondoka.

Yaliyokuwa yakitendeka usiku niliyajua baadaye, kwa vipande. Taa zikizimwa, makoplo wawili na sajini mmoja walikuwa wakiwatoa wanafunzi wa kidato cha kwanza, mono kama wenyewe wanavyoitwa, wakawapeleka nyuma ya bwalo. Kosa lolote lilitosha: kucheka kwenye foleni ya uji, kusahau kusema "afande". Adhabu ilikuwa kichurachura, kuruka umechuchumaa mikono masikioni, kutoka ukutani hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Kumpiga mtu walikuwa wamekatazwa na hawakumpiga mtu. Mmoja alilisema hilo mbele ya bodi kwa kujiamini kabisa, kama aliyetii sheria. Na kwa kipimo tulichokuwa tumewapa, alikuwa ametii. Kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 ikakataza adhabu za viboko na za kikatili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikataja adhabu za mwili pamoja na mateso ya kiakili. Yote hayo sisi walimu tuliyasikia kama "usishike fimbo". Watoto walitusikia vilevile.

Alhamisi moja ya Juni, mono mmoja alishindwa kushuka ngazi za bweni. Wenzake walimbeba. Muuguzi wa shule alidhani ni malaria mpaka alipomuuliza kuhusu mkojo, na kijana akasema, kwa aibu, kwamba umekuwa rangi ya strungi. Muuguzi huyo ndiye mtu mzima pekee katika kisa hiki aliyefanya kazi yake yote. Hakungoja gari la shule, alikodi teksi. Hospitalini tulielezwa kwamba misuli ikifanyishwa kazi ghafla kupita ilivyozoea, hasa ya mapaja kwa kuchuchumaa na kuruka, huvunjika na kumwaga vitu vyake ndani ya damu, na figo ndizo huumia kwa kuvichuja. Angecheleweshwa siku mbili zaidi, tungekuwa tukizungumza habari ya mashine ya kusafisha damu, au mbaya zaidi. Aliwekewa maji ya mishipani siku tano, akapona.

Mama yake alikuja kwa basi la usiku kutoka Migori. Hakupiga kelele. Alituuliza tu, "Walimu wangu, huyu mtoto alikuwa kwenye hicho chama chenu?" Tukasema hapana. Akauliza, "Sasa aliamrishwa na nani?"

Bodi ilikaa mara mbili. Mkutano wa kwanza ulitafuta wavulana wabaya na kuwapata: watatu wakasimamishwa. Wa pili ulitaka kumtupia afande lawama kwa kuwa hakuwepo kujitetea, na nashukuru kwamba mwakilishi wa wazazi, yule yule mwenye duka la vipuri, alisema hapana, mzee alituomba tusimamishe. Niliwaambia kwamba barua ya kusimamishwa ingepaswa kuwa na jina langu pia. Kikanyamaza kikao, tukapita kwenye ajenda iliyofuata, ukarabati wa choo.

Nimefikiri sana kama tatizo lilikuwa umaskini wa mpango wetu tu, na kwamba kwa pesa na afande wa kudumu tungefika mbali. Marekani wana hivyo vyote: shule zaidi ya 3,000, takriban nusu milioni ya wanafunzi, askari wastaafu wanaolipwa mshahara. Bado mwaka 2022 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba katika miaka mitano walimu wa kadeti wasiopungua 33 walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi, na kwamba katika shule kadhaa watoto walikuwa wakiandikishwa bila kuchagua. Tanzania wamefuata njia nyingine: kijana anakwenda JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya kidato cha sita, na akirudi jioni kutoka kwenye gwaride anakuta kambi yenye wakubwa wa kweli. Njia hiyo ina malalamiko yake, lakini angalau koplo hashiki ufunguo wa bweni wala kulala chumba kimoja na walio chini ya amri yake.

Bweni ndilo lililotumaliza. Kadeti wa Uingereza anayesoma shule ya kutwa huvua cheo akienda kwao. Wetu alilala nacho.

Shule ilipotaka kitu cha kujaza Jumanne tupu, tulianzisha skauti, na wachache wakajiunga na mpango wa Tuzo ya Rais, ule wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, ulioanza Kenya 1966. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba sasa tumeachana kabisa na mambo ya kijeshi. Sikumsahihisha mbele za watu. Baden-Powell aliona faida ya kuwapa wavulana kazi Mafeking, Afrika Kusini, mwaka 1899 na 1900, mji ukiwa umezingirwa na Makaburu, na wavulana hao walikuwa kikosi cha kadeti waliobeba barua chini ya mizinga. Skauti wakatokana na fikra hiyo, na yeye mwenyewe amezikwa Nyeri. Tulimfukuza mtoto, tukamkaribisha binamu yake. Tofauti niliyojaribu kuiweka safari hii ni ndogo: kiongozi wa doria huchaguliwa na wenzake kila muhula, na kofia zote huachwa stoo saa kumi na mbili jioni.

Afande alirudi Agosti, akitembelea fimbo. Aliletewa habari njiani kabla ya kufika shuleni. Alikaa kwenye kiti cha ofisini kwangu, akaomba kijitabu chake. Kilikuwa kwenye droo tangu Mei, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu muda wote huo. Hakuna koplo aliyewahi kukiona. Alikifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kushuka na kidole, jina kwa jina, yote 61, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo.

"Huyu mtoto simwoni," alisema.

Nikamwambia hakuwa kadeti.

Alikifunga kijitabu, akaniuliza kama Migori kuna matatu za moja kwa moja kutoka Nakuru au lazima abadilishe Kisii.